Siku mbili Cody zinatosha, ila panga usiku kwanza

Dada, umeuliza kama siku mbili zinatosha kuuona mji wa Cody, jimbo la Wyoming, Marekani, ukiwa na watoto mwezi Julai. Zinatosha, ila anza kupanga na usiku. Kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti kuna rodeo (mashindano ya makauboi ya kupanda farasi na fahali wakali) kila usiku, na hiyo ndiyo roho ya mji. Kaeni karibu na mageti wanakotokea wanyama: mtamwona mpandaji akikaza kamba mkononi, geti linafunguliwa, vumbi linatimka. Bebeni masweta, maana mji uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na jua likizama baridi huingia.

Mchana nendeni Buffalo Bill Center of the West, makumbusho matano chini ya paa moja. Mimi ningeanza na lile la wenyeji wa asili wa nyanda, kwani bila wao habari ya makauboi ni nusu. Chakula kuleni Irma, hoteli aliyoifungua Buffalo Bill, yule maarufu wa maonyesho ya makauboi, mwaka 1902 na kuipa jina la bintiye.

Lango la hifadhi ya taifa ya Yellowstone liko kilomita 80 na ushei kuelekea magharibi. Tafadhali msiibane ndani ya siku hizo mbili, ongezeni ya tatu. Na chumba wekeni mapema, Julai watu hufurika.