Pawabenki ya 10,000 mAh, simu ya 5,000 mAh

Je, huko porini pawabenki hii itaijaza simu hii mara mbili? Hapana. Hesabia mara moja na theluthi hivi. Ile 10,000 mAh (miliampia-saa, kipimo cha uwezo wa betri) ni ya betri za ndani, zenye volti 3.7, yaani nishati ya wati-saa 37. Umeme hupandishwa hadi volti 5 utoke kwenye USB, halafu simu huushusha tena, na kila hatua inakula chake kama joto (ndiyo maana vyote viwili vinapata moto). Soma yale maandishi madogo mgongoni mwa pawabenki: nyingi huonyesha uwezo halisi wa kutoa, mara nyingi kama 6,000 mAh tu. Hiyo ndiyo namba ya kuamini.

Baridi kali hupunguza uwezo huo zaidi, kwa hiyo usiku lala na pawabenki ndani ya begi la kulalia, na usichaji chochote chenye lithiamu kikiwa chini ya nyuzi 0, kinaweza kuharibika kabisa. Mchana weka simu kwenye hali ya ndege. GPS hupokea tu ishara za setilaiti, kwa hiyo kwenye simu nyingi itaendelea kufanya kazi, mradi ramani umeshaipakua.