Umepoteza ufunguo wa kufuli? Weka nyundo chini kwanza

Kazi yangu ni milango na mageti, na mara nyingi naitwa kufungua kufuli ambalo limeshapigwa vya kutosha. Nakuta bati la mlango limebonyea, fremu imelegea, na kufuli lenyewe liko palepale. Nyundo huumiza mlango kabla ya kuumiza kufuli, ndiyo maana nawaomba watu waangalie vizuri kabla ya kugusa kitu.

Anza na ufunguo wa akiba. Makufuli mengi huuzwa na funguo zaidi ya moja, na ule wa ziada mara nyingi umelala kwenye droo au kwenye boksi lililokuja nalo. Mengine yamegongwa namba ya ufunguo kwenye mwili wake, na fundi wa funguo anaweza kuitumia kukuchongea mwingine.

Ukikosa vyote, usilitazame kufuli. Tazama lilichoshikilia. Je, komeo limefungwa kwa skrubu ambazo vichwa vyake vinaonekana hata mlango ukiwa umefungwa? Basi bisibisi inatosha: unatoa komeo lote na kufuli likining'inia, mlango unabaki mzima. Kama ni mnyororo, huenda pingili zake ni nyembamba kuliko pete ya kufuli, yaani kile chuma kilichopinda juu yake, na mnyororo ni rahisi kununua mwingine.

Pale ambapo lazima ukate, ikwaruze pete kwa ncha ya tupa. Tupa ikiacha mkwaruzo, chuma ni laini na msumeno wa chuma utakitosha. Ikiteleza bila alama, au pete ikiwa imeandikwa HARDENED, chuma kimekazwa kwa moto na msumeno utaisha meno bure. Kwa chuma laini tumia wembe wa msumeno wenye meno 24 au 32 kwa inchi, meno yakitazama mbele. Libane kufuli kwa plaizi ya kujikaza ili lisicheze, maana wembe huvunjika kufuli likitikisika, si kwa ugumu wa chuma. Sukuma kwa urefu wote wa wembe, polepole, na tone la mafuta. Kata ule mguu wa pete unaochomoka kufuli linapofunguka. Kwa makufuli ya kawaida pete itazunguka na kutoka; yale yanayoshika miguu yote miwili yanadai ukate mara mbili.

Pete iliyokazwa ni kazi ya grenda, mashine ya kukatia chuma, yenye diski nyembamba ya kukatia, ya milimita 1. Hapa naomba unisikilize. Vaa miwani ya kinga, hata kama ni mkato wa sekunde chache, kwa sababu diski hiyo ikipinda kidogo tu ndani ya mkato hupasuka na vipande vyake huruka kwa kasi ya kutisha. Usitoe kava ya grenda inayokinga diski. Cheche zinafika mbali: kama nyuma ya mlango kuna petroli, mtungi wa gesi, magodoro au nguo, acha grenda kabisa. Na pete ikishakatika usiishike kwa mkono mtupu, imeungua.

Kutoboa tundu la ufunguo kwa drili kunawezekana kwenye makufuli ya shaba ya njano, kwa sababu pini za ndani nazo huwa laini, lakini biti huteleza na kazi huchukua muda. Mimi huiacha iwe ya mwisho.

Kama kufuli liko kwenye chumba cha mpangaji au sanduku la mtu mwingine, usiguse mpaka mwenyewe awepo au akubali mbele ya mashahidi. Mimi huuliza kabla ya kufungua mkoba wa vifaa, na mwenye mali yake hajawahi kukasirika kwa kuulizwa.

Tena, ikiwa komeo lilitoka kwa bisibisi, usilirudishe vilevile. Mwizi naye ana bisibisi. Toa zile skrubu, pitisha bolti za kichwa cha mviringo zinazotokea upande wa pili, kisha kaza nati kwa ndani. Kufuli jipya likija, mpe ufunguo mmoja mtu unayemwamini anayeishi nyumba nyingine.