Utafiti wa sera za afya ng'ambo

Swali: Mimi ni dokta wa zoni ya afya hapa Bukavu, miaka 9 kazini. Nimesikia ufadhili wa Harkness wa kutafiti sera za afya Marekani. Naweza kuomba?

Jibu: Hapana, dokta, Kongo haimo kwenye orodha yao. Tazama ufadhili wa Humphrey: miezi 10 Marekani, haitoi digrii, inataka miaka 5 ya kazi baada ya chuo. Ulizia kwanza ubalozi wa Marekani Kinshasa kama mwaka huu wanapokea maombi. Kinachoangusha wengi kwenye maombi ni mada pana. “Kuboresha afya ya mama” haipimiki. Andika “kwa nini familia za Kadutu, hapa Bukavu, huacha kulipia mutuali (bima ya afya ya kuchangiana)”. Barua ya mkuu wako itaje ruhusa na kazi utakayorudia. Sifa tupu hazisaidii.