Mume wangu anasema hao wa kwenye grupu siyo marafiki

Wiki hii inboksi imejaa magrupu tu, sijui mmepanga au ni bahati. Nimechukua meseji nne, na urefu wa majibu unategemea uzito wa swali, kwa hiyo yako ikipata mistari mitano usininunie.

SWALI: Shikamoo mjomba. Nina mtoto wa miaka saba ana kisukari ile aina ya kwanza, ya sindano kila siku. Niko kwenye grupu la wazazi wenye watoto kama wangu, mwaka wa tatu huu. Kuna usiku sukari ilishuka mpaka 2.8, nikampa juisi huku mikono inatetemeka, nikaandika kwenye grupu na ilikuwa saa tisa usiku, hata dakika haijaisha mama mmoja akajibu "usimjazie zaidi, subiri dakika 15 upime tena, mi niko macho nakusubiri hapa". Akakaa na mimi mpaka ikapanda. Huyo mama sijawahi kumwona sura, dp yake ni ua. Mume wangu anasema hao siyo marafiki ni majina tu kwenye simu, juzi kaniambia "ukifa leo nani kati yao atajua?" Imeniuma sana mjomba. Najidanganya? (Mama wa saa tisa usiku)

JIBU: Marahaba mama. Kwanza pole na hongera, maana kuamka usiku kupima mtoto siyo kazi ndogo. Afu nikutoe wasiwasi kwenye moja, huyo mama wa ua hakukufariji tu, alikwambia kitu sahihi, ndo hivyo wazazi wanavyofundishwa kliniki, sukari ya haraka (gramu 15 ni ya mtu mzima, mtoto mdogo huwa anahitaji pungufu, fata kiasi ulichopewa kliniki), unasubiri dakika 15, unapima tena. Ila ukiona mtoto hawezi kumeza au kapoteza fahamu usiandike popote, usimlazimishe kunywa kitu, kimbia hospitali, grupu litasubiri.

Sasa hilo la "nani atajua". Nikupe kisa cha kweli. Norway kulikuwa na kijana mwenye ugonjwa wa misuli kudhoofika, alifariki 2014 akiwa na miaka 25. Miaka yake ya mwisho alikuwa ndani, kwenye kompyuta, anacheza gemu la mtandaoni na kundi lake, na wazazi wake roho iliwauma sana kwa sababu waliona mtoto wao anaondoka duniani bila rafiki, bila mpenzi, bila mtu yeyote kumkumbuka. Alipofariki baba yake akaandika kwenye blogu ya mwanae kwamba hayupo tena, akaacha anwani ya imeili. Wee! Zikaanza kuingia imeili kutoka nchi mbalimbali, watu wanaeleza jinsi kijana alivyowasikiliza walipokuwa na hali mbaya, alivyowashauri mambo ya familia zao, na wengine walisafiri mpaka mazishini. Na wengi wao kwa miaka walikuwa hawajui hata kama ni mgonjwa, maana alikuwa hasemi. Wazazi ndo wakaanza kumjua upya mtoto wao kupitia watu ambao hawajawahi kuwaona.

Kwa hiyo swali la mumeo lina jibu, ila angalia vizuri, wale walijua kwa sababu baba aliwaambia. Bila ile posti kijana angekuwa jina lililoacha kuwaka na watu wangejiuliza weee mpaka wachoke. Na wewe fanya hivyo hivyo, mpe mumeo jina la grupu na namba za wawili watatu unaowaamini, mwambie likinikuta jambo hawa uwajulishe. Utakuwa umemjibu kwa vitendo, na naye kidogo kidogo atazoea kwamba nyuma ya hizo dp kuna watu.

Hili jambo wala siyo la juzi na simu za kuteleza. Mwaka 1978 kule Chicago jamaa wawili, Ward Christensen na Randy Suess, walitengeneza ubao wa matangazo wa kwenye kompyuta wakati theluji imewafungia ndani, watu wakawa wanaingia mmoja mmoja kwa laini ya simu, anasoma, anaandika, anatoka, mwingine anaingia. 1985 California ikaanza The WELL, jukwaa la watu kujadiliana kwa kuandikiana kwenye kompyuta, na mwanachama wake mmoja, Howard Rheingold, aliandika kwa kirefu jinsi wazazi kwenye kona yao mule walivyokuwa wanashikana mkono mtoto wa mwenzao akiumwa. Wanashinda wanaandikiana kwenye skrini nyeusi isiyo na picha hata moja! Na hao hao wakawa wanaitana kwenye sherehe, wanaonana uso kwa uso, hakuna aliyeona ni ajabu.

Mi ninavyoona, urafiki wa kwenye grupu unajengwa na kurudi. Majina yale yale, saa zile zile, mtu anakumbuka mwanao anaitwa nani na wiki iliyopita mlibadilisha dozi. Wa mtaani pia tumewazoea hivyo hivyo, kwa kupishana nao kila siku. Ukitaka kujua nani ni rafiki na nani ni mpita njia, angalia ukikaa kimya siku kadhaa nani anakufata inboksi kuuliza "mama vipi, mtoto hajambo?" Huyo mpigie, sikia sauti yake, usisubiri tena usiku wa shida.

Lakini na mumeo msikilize bwana. Mara nyingi mtu akilalamikia grupu hana ugomvi na wanagrupu, analalamikia macho yako kwenye simu wakati yeye anaongea. Hujaniambia kama hilo lipo, unajua mwenyewe. Halafu jiulize kwa nini usiku ule uliandikia grupu na hukumwamsha yeye. Labda analala fofofo, labda ulizoea kubeba peke yako. Mwingize kwenye grupu asome wiki moja tu, ajifunze kupima, afu mgawane hizo saa tisa.

SWALI: Mambo mjomba, mi ni admini wa grupu la mafundi simu. Tulianza watu kama thelathini, mtu akikwama na bodi anapiga picha dakika tano kapata jibu. Sasa hivi tuko karibu mia tisa na limekuwa soko, mara tuma kwa watu kumi upate baraka, mara mtu anauza viwanja, mara ugomvi wa mpira. Wale wakongwe wamenyamaza, na fundi mmoja niliyekuwa namtegemea kalefti usiku bila kuaga. Nilifunge? (Admini aliyechoka)

JIBU: Poa kaka. Usilifunge kwanza.

Tatizo lako limeanza siku ulipoona idadi ni mafanikio. WhatsApp inakuruhusu watu 1,024, zamani ilikuwa 256, lakini programu kuruhusu haimaanishi kichwa cha mtu kinaweza. Kuna mtaalamu wa Uingereza, Robin Dunbar, tangu miaka ya tisini mwanzoni anasema mtu wa kawaida anamudu mahusiano ya kujuana kweli na watu kama 150 hivi. Wenzake wanabishana naye kuhusu hesabu yenyewe, lakini admini yeyote atakwambia kuna mahali ukivuka sauti zinabadilika, mtu anaacha kuuliza swali la kijinga kwa sababu hajui nani anamsoma. Na fundi asiyethubutu kuuliza swali la kijinga anaunguza bodi ya mteja.

Halafu Jakob Nielsen, mtu wa mambo ya matumizi ya kompyuta, mwaka 2006 aliandika kanuni ya kukadiria tu, kwamba kwenye jamii nyingi za mtandaoni kama asilimia 90 wanasoma tu, 9 wanachangia mara moja moja, 1 ndo wanaandika karibu kila kitu. Piga hesabu kwako, mia tisa, asilimia moja ni watu tisa. Tisa! Hao ndo grupu lako, na mmoja wao ameshaondoka.

Hayo yameshawakuta wengi kabla yako. Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa 1979 na wanafunzi wawili, Tom Truscott na Jim Ellis, kila mwezi wa tisa ulikuwa unapokea wanafunzi wapya wa vyuo, wanavuruga wiki kadhaa, wakongwe wanawafundisha adabu, mambo yanatulia. Kuanzia 1993 kampuni za intaneti zikawafungulia wateja wao wa kawaida, watu wakawa wanamiminika mwaka mzima, hakuna tena nafasi ya kuwafundisha, na wakongwe wakaita kipindi hicho Septemba isiyoisha. Unaona sasa, wageni wapya hawana kosa, kosa ni wao kuja wengi kwa mpigo bila mtu wa kuwapokea.

Kwa hiyo fanya hivi. Funga ile linki ya kila mtu kuingia, mgeni aje kwa kuletwa na mwanagrupu na huyo aliyemleta ndo amtambulishe, anaitwa nani, anatengeneza nini. Tenga chumba cha kazi tupu na chumba cha soga, maana ukikataza soga kabisa unaua grupu, watu hawazoeani kwa kuongea saketi peke yake. Fowadi za baraka na viwanja futa bila mjadala, ukianza kujieleza umeshapoteza jioni. Na tafuta maadmini wenzio wawili kutoka kwa wale tisa, siyo kutoka kwa wanaoomba vyeo.

Huyo fundi aliyelefti, tangu 2022 mtu akitoka WhatsApp wanaopata taarifa ni maadmini tu, wengine hata hawajui kama kaondoka. Yaani wewe ndo unayejua, na yeye anajua kwamba unajua, na umekaa. Mfate inboksi leo, usimbembeleze arudi, muulize tu ana hali gani na nini kilimchosha. Ukikuta hayo niliyoandika hapo juu ndo alikuwa anayasema miezi yote, usishangae.

SWALI: Mjomba shikamoo, niko kwenye grupu la wapenda riwaya. Kuna dada tulianza kubishana kuhusu kitabu tukahamia inboksi, sa hivi ni mwezi wa nane tunachati mpaka alfajiri, ananijua kuliko mtu yeyote. Hajawahi kuniomba hata shilingi. Ila nikisema tupigiane video kamera mbovu, nikisema tuonane kasafiri. Nimpe moyo wangu au nisubiri? (Msomaji)

JIBU: Marahaba kijana. Moyo umeshampa, unaniuliza mimi kama utaurudisha.

Kuna msomi wa mawasiliano, Joseph Walther, mwaka 1996 alieleza kwa nini mapenzi ya kuandikiana yanaweza kukolea kuliko ya ana kwa ana. Mwandishi ana muda wa kupanga maneno na anachagua upande gani wa kuonyesha, na msomaji pale asipoona anajazia mwenyewe, na anajazia mazuri matupu. Naye John Suler, mwanasaikolojia, 2004 akaandika jinsi watu wanavyofunguka zaidi mtandaoni kuliko wangefunguka wakitazamana. Kwa hiyo yale uliyomwambia ni ya kweli, na huenda na yake ni ya kweli, ila huyo dada unayemwona kichwani nusu umemtunga wewe, na wewe ni mpenda riwaya kwa hiyo umemtunga vizuri.

Kutokuomba hela ni dalili nzuri ila siyo kitambulisho. Kamera inaharibika wiki mbili, haiharibiki miezi minane. Mwombe simu ya sauti tu, leo. Kisha waulize wakongwe wa grupu kama kuna yeyote aliyewahi kuonana naye, hiyo ndo faida ya kukutana na mtu kwenye grupu, kuna mashahidi. Akikubali kuonana iwe mahali pa watu wengi, mchana, na mtu wako mmoja ajue uko wapi. Picha za chumbani usitume hata kama mmeshapeana majina ya watoto. Akiendelea kukwepa, rudini kwenye vitabu, mbishane mbele za watu kama zamani, na usiku ulale.

SWALI: Mi swali langu dogo. Niko kwenye grupu la kilimo cha bustani miaka sasa, nasoma kila kitu, nimejifunza mengi, sijawahi kuandika hata neno. Mi nahesabika mwanagrupu au mpelelezi? (Kimya)

JIBU: Unahesabika, uko kwenye wale asilimia 90 niliowataja kwa admini hapo juu, na bila nyie hao wanaoandika wangekuwa wanajisemea wenyewe. Tofauti ni moja tu, wewe unawajua wao hawakujui, siku ukikwama hakuna atakayekukumbuka.

Usianze na ile "habari zenu, mimi ni mgeni humu" wakati una miaka. Tafuta jibu la mtu lililokusaidia, hata kama la mwaka jana, lijibu hapo hapo, "ile dawa ya majivu uliyosema nilijaribu, wadudu wamepungua, majani mapya haya hapa", weka picha. Aliyeandika hajui mpaka leo kama kuna mtu alimsikia. Atakujibu, na kuna mwenye bustani kama yako ataruka juu kuuliza ulichanganya kiasi gani.