Chokoleti ya Jumapili na mhudumu niliyemsahau

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Wewe na mwenzi wako mnajifurahisha vipi wikendi bila dhamiri kuwasuta?" Nimelisoma kwa sauti mezani. Mume wangu akacheka hadi akatua kikombe. "Waambie inatusuta," akasema, "ila tunakula."

Hilo ndilo jibu fupi. Refu ni hili.

Tuna miaka tisa ya ndoa, na tangu mwaka wa pili tumejiwekea utaratibu. Kila baada ya Jumamosi mbili tunatoka kwenda kula mahali. Mara mbili au tatu kwa mwaka tunakwenda kulala jiji lingine. Na Jumapili jioni, liwe jua iwe mvua, tunagawana chokoleti moja. Mtoko wa kula ni wake, yeye ndiye anayechagua. Safari ni zangu. Chokoleti ni ya wote, na ndiyo iliyotuletea maneno.

Kuna chokoleti ya Uholanzi inayoitwa Tony's Chocolonely. Ukifungua karatasi yake hukuti vile vijiraba vinavyolingana kama tulivyozoea. Mistari imekwenda mshazari, kipande kimoja kipana kama kiganja cha mtoto, cha pembeni yake kama ukucha. Mara ya kwanza mume wangu alidhani imeharibikia kiwandani. Kumbe wamekusudia: vipande havilingani kwa sababu fedha ya kakao nayo haigawanywi sawa. Sisi tukaamua kutumia sheria ya watoto, mmoja avunje na mwenzake achague. Siku hiyo nilivunja mimi. Akachukua kile kikubwa bila hata kupepesa macho.

"Unajua kwa nini wamevitengeneza hivi?" nikamwuliza.

"Ili nichague."

Hapo nikaanza hotuba, ambayo naifupisha hapa kwa huruma kubwa kuliko nilivyomhurumia yeye. Mwaka 2001, huko Marekani, kampuni kubwa za chokoleti zilitia saini makubaliano yanayojulikana kama Itifaki ya Harkin-Engel, zikaahidi kukomesha aina mbaya kabisa za ajira ya watoto katika kakao. Lengo lilikuwa mwaka 2005. Mwandishi wa habari wa televisheni wa Uholanzi, Teun van de Keuken, alipoona ahadi inasuasua, alikula chokoleti mbele ya kamera kisha akajipeleka mwenyewe ashitakiwe: kwamba ameshiriki uhalifu kwa kununua kitu anachojua kimetokana na utumwa. Hawakumfungulia kesi. Mwaka 2005 akatengeneza chokoleti zake mwenyewe, 5,000 za kuanzia, na kampuni ya Tony's ikazaliwa hapo. Ile tarehe ya itifaki ikasogezwa, ikasogezwa tena. Ripoti ya mwaka 2020 ya taasisi ya NORC ya Chuo Kikuu cha Chicago ilikadiria kuwa watoto milioni 1.56 walikuwa wakifanya kazi za kakao Ivory Coast na Ghana, nchi mbili ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote duniani. Na si kazi ya kuokota okota. Ni kupasua maganda kwa panga, kubeba viroba vizito, kuwa karibu na dawa za kunyunyizia.

Mume wangu alikuwa amenyamaza, shavu limejaa. "Sasa nimeze au niteme?"

Swali la haki kabisa, na sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa na jibu la nembo, zile alama za uthibitisho kwenye pakiti. Wakati ule nilikuwa mtu wa nembo: nikiiona ile ya Fairtrade, yaani biashara ya haki kwa mkulima, mtu aliyeinua mkono kwenye buluu na kijani, naweka kikapuni na moyo unatulia. Hadi siku moja nikiwa nasubiri kulipa nikaona pembeni ya nembo pana kishale kidogo cheusi. Sikuwahi kukiona, na nilikuwa nimenunua ile chokoleti labda mara mia. Kishale kinakwambia ugeuze pakiti. Nikageuza. Kwa maandishi madogo sana nyuma yake wameeleza kwamba kakao iliyomo inaweza kuwa imechanganyika na kakao ya kawaida njiani, ila kiasi kilichonunuliwa kwa masharti ya Fairtrade kinalingana na kiasi kilichouzwa kwa nembo hiyo.

Nilijihisi nimeibiwa. Mume wangu, ambaye maisha yake yote ni mahesabu, ndiye aliyenituliza. Alisema ni kama benki: ukiweka fedha leo na ukatoa kesho, noti utakazopewa si zile zile ulizoweka, lakini fedha ni yako. Kakao, sukari, chai na juisi za matunda zinaruhusiwa kufuata hesabu hiyo, kwa sababu viwanda husaga na kukamua kwa wingi na kutenga mtambo kwa ajili ya vyama vidogo vya wakulima ni gharama. Kahawa na ndizi haziruhusiwi. Zenye nembo lazima ziwe zenyewe, zimefuatiliwa kutoka shamba. Mkulima wa kakao analipwa vilevile, maana pamoja na bei iliyowekwa ambayo malipo yake hayaruhusiwi kushuka chini yake, ushirika wake hupata nyongeza ya dola 240 kwa kila tani, na wanachama ndio wanaopiga kura itumike wapi. Bado sikukipenda kile kishale. Lakini niliacha kununa.

Na ile ya vipande visivyolingana nayo haina utakatifu wowote. Mwaka 2021 iliondolewa kwenye orodha ya chokoleti zisizo na utumwa inayotunzwa na wanaharakati wa Slave Free Chocolate, kwa kuwa hutengenezewa katika viwanda vya Barry Callebaut, kampuni kubwa ya kusindika kakao ambayo mnyororo wake mzima wa ununuzi hauna uhakika huo. Tony's wenyewe wakajibu kwamba kakao yao hutengwa na ya wengine, na kwamba wamefanya makusudi, kuonyesha kuwa hata kiwanda kikubwa kinaweza. Naona hoja za pande zote mbili. Tunaendelea kuinunua, na nimekoma kumhubiria mtu mwenye chokoleti mdomoni.

Maana jambo lililonishusha kiburi halikutokea dukani. Lilitokea mezani.

Tulikuwa kwenye mgahawa ambao mume wangu alikuwa ameusifu wiki nzima. Tumeshakula, nataka kahawa. Nikamwuliza mhudumu, kijana mwembamba aliyevaa aproni iliyomzidi, kama kahawa yao ina nembo yoyote. Hakujua. Akaenda kuuliza. Akarudi na jina la kampuni. Nikasema nilikuwa na maana ya cheti. Akaenda tena, akarudi amekumbatia mfuko mzima wa kahawa ili nisome mwenyewe, na wakati huo meza mbili nyuma yake zinampungia mikono na bwana mmoja anagonga glasi kwa kijiko. Nikausoma mfuko mbele nyuma, nikaridhika, nikaagiza. Kikombe kimoja.

Bili ilipokuja ilikuwa na ada ya huduma imeshaongezwa. Mume wangu akamwuliza yule kijana kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, hii inakufikia?"

Kijana aligeuka kwanza akatazama kaunta. Kisha akasema, "Inategemea."

Njiani mume wangu hakusema neno kwa muda, halafu akasema taratibu kwamba nimefuatilia mtu aliyepanda kahawa bara jingine, na aliyeileta mezani hata jina sikumwuliza. Nilitaka kujitetea. Nikatafuta pa kuanzia, sikupapata.

Tangu hapo, kabla ya swali la kahawa, tunauliza la ada ya huduma, na tunaliuliza kwa msimamizi, si kwa mhudumu, kwa sababu mhudumu anaweza kulipia jibu lake baada ya sisi kuondoka. Tukijibiwa kwa kuzunguka zunguka, bakshishi tunaitoa mkononi, taslimu. Uingereza wametunga sheria kabisa: tangu tarehe 1 Oktoba 2024 mwajiri hana ruhusa ya kubaki na hata senti ya bakshishi wala ada ya huduma, zote ni za wafanyakazi, na ugawaji lazima uwe wa haki. Sheria kama hiyo, kwa maoni yangu, inamfaa mlaji kuliko nembo kumi, maana inamwondolea mzigo wa kuwa mpelelezi kwenye chakula cha mchana.

Upande wa mume wangu nao una dhambi yake, na asije akadhani nimesahau. Anaagiza kwa macho. Mezani kunajaa, robo inabaki, na alikuwa anaona aibu kuomba kufungiwa. Sasa mimi nabeba bakuli lenye mfuniko kwenye mkoba. Mara ya kwanza nililitoa akajifanya anasoma ujumbe kwenye simu. Nikamsomea takwimu za Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira: mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, karibu moja ya tano ya chakula chote kilichowafikia walaji. Kosa langu ni kwamba sikuishia hapo, nikamsomea na mgawanyo. Migahawa na watoa huduma wa chakula, asilimia 28. Majumbani, asilimia 60. Akainua nyusi. Friji letu analipanga nani? Analipanga huyu huyu anayewaandikia. Mboga za majani zinazogeuka maji kwenye droo ya chini ni zangu, nazinunua kila Ijumaa kwa matumaini.

Tuje kwenye safari. Nitasema machache, kwa sababu kanuni zenyewe ni chache: tunakwenda msimu ambao si wa watu, tunalala usiku mbili badala ya moja, na tunalala hotelini au nyumba ya wageni yenye mtu mapokezi, si kwenye fleti ya kupangisha kwa siku. Hili la mwisho lilikuwa gumu kwa mume wangu, anapenda jiko lake. Lakini fleti inayopangishwa kwa watalii ni fleti ambayo mwenyeji wa jiji hawezi kuipanga. Barcelona ilitangaza Juni 2024 kwamba haitahuisha leseni za fleti za watalii, zaidi ya 10,000, na kwamba ifikapo Novemba 2028 ziwe zimekwisha. Venice nayo, Aprili 2024, ilianza kuwatoza euro 5 wageni wanaoingia na kutoka siku hiyo hiyo katika siku zenye msongamano. Ada hiyo wengi wameicheka kwamba ni ndogo mno kumzuia mtu. Mimi naiona inamlenga mgeni mwenyewe anayestahili kulengwa: anayeshuka asubuhi, anapiga picha, anakula alichobeba, anaondoka jioni, jiji limebaki na takataka zake. Tumewahi kuwa wageni wa namna hiyo. Nina picha zote na sikumbuki ladha ya kitu chochote.

Siku hizi jijini tunachagua soko moja na meza moja. Sokoni mume wangu anazungumza na wauzaji kama anagombea ubunge, mimi nabeba. Mezani tunakaa hadi viti vianze kupinduliwa. Hatuna orodha ya mahali kumi pa kuona, na nakiri kuna miji mikubwa tumeiacha bila kuona kile ambacho kila mtu huendea.

Kuna safari moja tu ambayo bado inatugombanisha. Nilimsimulia kuhusu Garstang, kamji kadogo cha Lancashire, Uingereza, ambako mwaka 2000 wakazi walikutana na kupiga kura wakajitangaza mji wa kwanza wa Fairtrade duniani. Maduka, mikahawa, shule na makanisa viliingia. Wazo likasambaa, na leo miji iliyojiunga inapita 2,000. Sikujua kama ananisikiliza. Wiki iliyofuata nikakuta amechapisha ramani, amezungushia wino mwekundu, ameandika pembeni "mtoko wa miaka 10". Anataka tuketi kwenye mkahawa wowote pale, tuagize kahawa, na mimi nisiulize kitu.

Nilikaribia kulia. Kisha nikapiga hesabu ya ndege, kwenda na kurudi, moshi wa watu wawili, ili tukanywe kikombe kimoja cha kahawa yenye haki. Nikamwonyesha. Akasema basi tukae wiki mbili. Nikasema likizo hatuna. Akasema basi tupunguze safari nyingine zote za mwaka huo. Nikanyamaza, kwa sababu hilo sikulitegemea.

Ramani ipo kwenye mlango wa friji, imebandikwa juu ya ile droo ya mboga. Ndoa inatimiza miaka 10 Machi.