Vanishi inabanduka ndani ya mashua

SWALI: Tuna mashua kuukuu ya mvule, futi 28, tuliyoipandisha pwani tuitengeneze ndani. Tumekwangua, tukapiga msasa, tukapaka vanishi mikono miwili. Hata msimu haujaisha, inabanduka vipande vipande, na kila penye msumari pana doa jeusi. Tununue vanishi ya bei zaidi, au tupake epoksi, gundi ile inayokauka ikawa ngumu?
Msomaji, Lamu

JIBU: Epoksi msiitie kabisa, na vanishi ya bei haitasaidia. Chombo kilichopakwa sifa miaka yote kimeyanywa mafuta hayo ya papa hadi ndani ya mbao. Msasa huondoa ya juu tu. Jua likipiga, yaliyobaki hupanda na kuibandua vanishi. Dondosheni maji juu ya ubao mliokwisha kuupiga msasa. Yakisimama kama shanga, mafuta bado yamo.

Basi bakini na sifa kwenye mbao za ubavuni na mataruma, zile mbavu za ndani zilizopinda. Mbao zilizotiwa kalafati, yaani pamba iliyoshindiliwa kwenye maungio, huvimba zikiingia majini na kusinyaa zikikaa juu. Epoksi haiwezi kwenda nazo, hupasuka. Maji hupenya nyufani yasitoke tena, ubao ukaoza chini ya ngozi inayong'aa.

Vanishi iwe ya mbao ambazo hazijawahi kuguswa na sifa: za kukalia, milango ya makabati, rafu. Pigeni msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, mkiwa mmefunga pua na mdomo, kwani vumbi la mvule huwasha ngozi na kuumiza kifua. Mkono wa kwanza changanyeni nusu kwa nusu na tapentaini, wa pili tapentaini iwe robo, kisha mikono mitatu ya vanishi tupu. Kati ya mkono na mkono pitisheni msasa namba 320. Anzeni umande ukishakauka, mwache mapema alasiri. Vanishi ikipatwa na unyevu kabla haijashika huingia ukungu mweupe. Ngojeni kaskazi, masika si wakati wake.

Weusi ule ni kutu ya msumari iliyokutana na tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mbao za mvule. Doa hutolewa na asidi ya oksaliki, gramu 80 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu. Pakeni kwa brashi, ngojeni dakika 20, suuzeni mara tatu, ubao ukauke kabisa ndipo mpige msasa. Ni sumu: vaeni glavu na miwani, na vumbi lake msilivute.

Lakini msiridhike doa likitoka. Msumari ukicheza, au bisibisi ikizama kwenye ubao ulio kando yake, ng'oeni. Tundu lizibwe kwa kijiti cha mvule. Msumari mpya, uliochovywa zinki, upigwe pembeni. Keekee itangulie ili ubao usipasuke, na chini ya kichwa izungushwe pamba iliyolowa sifa. Msichanganye misumari ya shaba na ya chuma kwenye ubao mmoja, kwa kuwa kwenye maji ya chumvi chuma kitaliwa upesi.

SWALI: Taruma moja limeoza chini, kwenye ngama, pale maji yanapokusanyika. Lazima tulitoe lote?

JIBU: La, ikiwa juu bado ni gumu. Kateni hadi penye mti safi, kisha zidisheni sentimita 30, maana uozo hutangulia mbele ya macho. Ungeni taruma jipya ubavuni mwa la zamani, lipande angalau sentimita 60 juu ya mlipokatia. Tafuteni tawi lililopinda lenyewe. Taruma lililochongwa kutoka ubao mnyoofu hukatika, kwa kuwa nyuzi zake hazifuati mkunjo. Chini yake acheni tundu maji yapite.

Na maji yaliyoliozesha ni ya mvua. Ya chumvi huzuia ukungu. Mashua ikikaa pwani, ifunikeni kwa turubali lililoinuliwa, omo na shetri, yaani mbele na nyuma, zikiwa wazi upepo upite, na mbao za sakafu ziondolewe ngama ikauke.