Mkanda wa taimingi: ukionekana mzima, uachwe?

SWALI: Habari fundi. Nimenunua Mitsubishi L200 iliyotumika, dizeli, injini 4D56. Imetembea kilomita 142,000 na aliyeniuzia hajui mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Fundi wangu amefungua kava, akasema bado mzima, niendelee kutembea. Nimsikilize?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Usimsikilize kwa hili. Badilisha sasa, kabla ya safari yoyote ndefu.

Mkanda wa taimingi ndio unaounganisha kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kemshafti (shafti inayofungua valvu). Alichokiona fundi wako ni mgongo wake tu. Mkanda huchokea ndani, kwenye nyuzi na kwenye mashina ya meno, na unaweza kukatika bila kuonyesha ufa hata mmoja. Ndiyo maana kitabu cha gari huweka kikomo cha kilomita. Kwa injini kama yako mara nyingi ni kati ya 80,000 na 100,000. Usipojua historia, hesabu kwamba kimeshapita. Kwenye dizeli pistoni hupanda hadi karibu kabisa na hedi, kifuniko cha juu cha injini chenye valvu: mkanda ukikatika, kemshafti inasimama huku pistoni zikiendelea kugonga valvu zilizobaki wazi. Roka (vyuma vinavyosukuma valvu) zinavunjika, valvu zinapinda, na gharama yake huwezi kuilinganisha na ya mkanda.

Sasa sikiliza hili kwa makini, maana mafundi wengi hulipuuza. 4D56 ina mikanda miwili. Ule mdogo, wa balansi shafti (shafti za kupunguza mtikisiko wa injini), umejificha nyuma ya mkubwa, na ukikatika vipande vyake huweza kunaswa kwenye mkubwa na kuuharibu. Atakayebadilisha mkubwa akauacha mdogo hajakufanyia kazi.

Badilisha na rola za tensheni, zile zinazokaza mikanda. Ukitoa ya zamani, izungushe kwa kidole: ikikimbia kwa wepesi na kuvuma, grisi yake imekauka. Beringi hiyo ikikwama, mkanda mpya unaharibika nayo. Sili za kemshafti na kranki (raba zinazozuia oili isivuje) nazo ziwekwe mpya, kwa sababu oili hulainisha na kuvimbisha raba ya mkanda. Pampu ya maji kwako inazungushwa na feni belti, kwa hiyo kama haivuji iache. Kwa wenye injini ambazo mkanda wa taimingi ndio unaoizungusha, ibadilisheni papo hapo.

Kabla ya kuwasha, fundi azungushe kranki kwa spana mizunguko miwili kamili, kisha ahakikishe alama zote za taimingi zimerudi mahali pake. Akihisi kitu kinagota, asilazimishe. Afungue aanze upya. Baada ya hapo andika tarehe na kilomita juu ya kava.